Maiki imebaki wazi

Leo asubuhi mtangazaji wetu wa michezo kasoma kwamba bao la ushindi lilipatikana dakika ya 97 ya kipindi cha kwanza. Kasoma kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya taarifa ya habari, akapita. Mwenzake akamwacha kidogo, kisha akamuuliza taratibu: "Samahani mjomba, hicho kipindi cha kwanza kilianza juzi?" Ikawa kimya. Halafu kikaja kile kicheko ambacho mtu anajitahidi kukimeza na hakimezeki, kinatokea puani, na maiki ikakipeleka chote mpaka Naliendele. Hapa dukani cherehani zikasimama. Mama mmoja aliyekuja kufuata sare za mwanawe, aliyeingia akisema ana haraka, akakaa kwenye benchi ili acheke vizuri.

Nimekuwa nikitaka kuandika juu ya kipindi hiki cha asubuhi cha redio. Mimi ni fundi cherehani, Mtwara mjini, si mbali na soko kuu. Redio yetu inakaa juu ya kabati la vitambaa, antena ilishavunjika tukaifunga waya unaopanda mpaka dirishani, na asubuhi ndiyo kitu cha kwanza kuwashwa. Watangazaji wako wawili. Mmoja mtu mzima, wa hapa hapa Mtwara, Yanga damu. Mwingine kijana kutoka Ruangwa, mkoani Lindi, yeye ni Simba. Wanaitana mjomba wote wawili, kama ilivyo desturi ya huku, na umri unajulikana kwa namna kijana anavyoanza na samahani. Majina yao siyaandiki, wala redio yao. Wa huku mnawajua.

Watu husema kipindi hiki ni cha kuchekesha tu, hakina uchambuzi. Sikubali. Kuchekesha kwao kuna sheria, na sheria hiyo ni ya utani tuliokulia nao. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, hata msibani mbele ya jeneza, mradi ajue kwamba na lake liko njiani. Anayetaniwa lazima awe na nafasi ya kujibu. Nikisikiliza kwa kipimo hicho, najua haraka ni mzaha gani wa asubuhi umekaa sawa na upi umepinda.

Chukua Jumatatu ile baada ya tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1. Mzee hakutaja mechi hata mara moja katika nusu saa ya kwanza. Alitaja saa: "Ni saa moja na dakika tano." Baada ya wimbo, saa moja na dakika tano tena. Hali ya hewa ikawa nyuzi joto 35. Akasoma meseji tano, akashukuru wasikilizaji watano, akamuuliza kijana kama amekunywa chai, na kama amekunywa, vikombe vingapi. Kijana alikuwa anahema tu kwenye maiki. Mpaka alipopata upenyo: "Mjomba, tarehe 6 Mei 2012 ulikuwa wapi?" Mzee akakohoa. "Zilikuwa tano vilevile, na nyie hata la kufutia machozi hamkupata." Kweli, siku ile Simba ilishinda 5-0. Mteja wangu mmoja wa Yanga alitoka nje kwenda kununua vocha ambayo hakuwa na haja nayo.

Utani wao mwingine ni wa mikoa. Msimu wa 2019/20 Ndanda ya Mtwara na Namungo ya Ruangwa zilikuwa pamoja Ligi Kuu. Ndanda ikashuka, Namungo ikabaki, na tangu hapo kijana hajamhurumia mzee. Kila anapotaja uwanja wa Ndanda, Nangwanda Sijaona, huuliza kama nyasi zimeshakuwa ndefu za kutosha kulisha mbuzi. Mzee naye ana jibu lake. Mwaka 2021 Namungo iliingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikapangwa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikacheza mechi sita bila kufunga bao. "Mlikwenda Afrika kupiga picha," humwambia. Kijana hunyamaza kidogo, kisha husema: "Lakini tulikwenda." Hapo huwa sicheki. Timu ya wilaya kama Ruangwa kufika pale ni jambo kubwa, na kijana hulisema kwa sauti ya mtu anayejua hivyo.

Njia ya kufika huko makundini ndiyo iliyotuletea kosa ninalolipenda kuliko yote. Namungo ilipaswa kuitoa Primeiro de Agosto ya Angola. Mzee, kwenye Raja alijikwaa kidogo, Nkana aliitamka kama jina la shangazi yake, lakini hii ya Angola ilimshinda kabisa. Alianza "Primero", akarudi "Primiero", akavuta pumzi tukaisikia, akasema "de Agosti", akaona bado, akamalizia: "wale wa Angola." Kijana akamsaidia: "Wale wa Nanenane, mjomba." Basi. Kuanzia asubuhi ile timu ikawa ya Nanenane. Na kwa kuwa maonesho ya Nanenane ya kanda yetu hufanyika viwanja vya Ngongo, Lindi, kufikia saa tatu wasikilizaji walikuwa wanapiga simu kuuliza mechi itachezwa Ngongo kwenye banda la mifugo au la mbegu. Namungo ilishinda 6-2 mechi ya kwanza, ikafungwa 3-1 ya pili, ikapita kwa jumla ya mabao 7-5, na mpaka leo ukiuliza kijiweni hapa Namungo ilimtoa nani, utaambiwa iliwatoa wale wa Ngongo.

Ninachokipenda pale ni kwamba mzee hakuficha. Angeweza kuruka jina, au kulimumunya kama wanavyofanya wengi. Alijaribu mbele yetu sote. Redio ndogo kama hii haina mtambo wa kuchelewesha sauti, ule ambao redio kubwa za nchi nyingine hutumia kupata sekunde chache za kukata neno lililoponyoka. Kilichotoka mdomoni kimeshafika sokoni. Kwa hiyo mtangazaji anabaki na kitu kimoja tu mkononi, nacho ni atakavyofanya sekunde inayofuata.

Simu za wasikilizaji ni shule nyingine kabisa.

"Halo, uko hewani."

"Halo!"

"Tunakupata, unapiga kutoka wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi, mzee wangu?"

"Hapa nyumbani."

Na nyuma yake redio inapiga kelele, sauti yake inaingia kwenye simu, inarudi studio, inatoka tena redioni, inaingia tena kwenye simu, mpaka inakuwa filimbi. "Punguza sauti ya redio yako, mzee!" Hajui aongee na nani, na yule wa redioni anayeongea ni yeye mwenyewe. Tunacheka, na yeye huwa anacheka. Lakini kuna siku alipiga mtu wa Nanyamba akaongea kwa lafudhi nzito ya Kimakonde, laini ikakatika katikati, na kijana akaanza kumwiga. Nimesikia redio za mbali zikifanya hivyo. Wakitaka mtu mshamba kwenye igizo humvika lafudhi ya kusini, na mtu wa kusini hayupo pale kujibu. Nilisimamisha cherehani, nilikasirika kweli. Mzee hakucheka. Alisema: "Mpigie arudi hewani, kisha umwige akikusikia." Wakampigia. Kijana akamwiga, yule bwana akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia Kiswahili chake kijana kimekaa kama cha mtu aliyemeza ming'oko ya moto bila kutafuna. Siku hiyo ushindi ulikwenda Nanyamba.

Huyo huyo mzee ndiye aliyeharibu siku ya tanzia. Simba ilikuwa imetoka kufungwa, akaandika tangazo la msiba. Aliweka muziki wenyewe, ule wa matangazo ya vifo, akashusha sauti: "Familia ya Msimbazi inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, kilichotokea jana jioni baada ya kuugua kwa dakika 90. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, Lindi, Ruangwa, Nachingwea na Liwale." Kwa uandishi, sijasikia igizo zuri zaidi kwenye kipindi hicho. Nilikuwa nacheka nikiwa na pini mdomoni.

Mlangoni kwetu kuna mama anayekaanga vitumbua. Kaka yake alikuwa amelazwa hospitali Nachingwea. Yeye alikuwa anahesabu chenji ya mteja, hakusikia Msimbazi, hakusikia dakika 90. Alisikia muziki, "habari ziwafikie", na Nachingwea. Nilimwona akiweka kile kijiti cha kugeuzia kando ya karai, polepole, akaweka mikono miwili kichwani. Hakulia. Tulikimbia kumwambia mama, ni mpira huo, ni Simba, lakini ilichukua muda maneno yetu kumwingia. Vitumbua viliungua vyote kwenye mashimo yake, na hakuna aliyekumbuka kupunguza moto.

Dereva mmoja wa bodaboda alipiga studio. Tangazo la biashara lilikuwa linaendelea, na lilipoisha hakikufuata kibwagizo cha kipindi. Mzee alisema kuna mama yetu sokoni ameshtuka kwa maneno yake, ana mgonjwa, na anamwomba radhi. "Sauti ile watu wanaisikiliza wakiwa na wagonjwa. Sikupaswa kuichukua." Kijana, ambaye alikuwa na nafasi nzuri kuliko siku zote ya kumlipa, hakusema neno. Walicheza nyimbo mbili mfululizo.

Wapo waliosema baadaye kwamba mama angesikiliza vizuri. Hilo lilinikera. Redio ya sokoni haisikilizwi kwa kukaa. Unaisikia ukipima kiuno cha mtu, ukibishana bei, ukifukuza kuku. Inakujia vipande vipande, na mara nyingi unapata katikati ya sentensi bila kichwa wala mkia. Anayetangaza asubuhi anatakiwa aandike mzaha wake akimfikiria huyo aliyepata katikati. Simba wana redio nzima ya kujibu na msimu mzima wa kulipiza. Mama wa vitumbua hakuwa na nafasi hiyo, na hakuwa ameingia kwenye utani wa mtu. Kaka yake alipona, nashukuru, na mzee alipita mwenyewe kumwamkia, akanunua vitumbua vya studio nzima. Tanzia haikurudi tena hewani.

Kilichochukua nafasi yake kimeizidi kwa utamu. Sasa wana mnada. Dirisha la usajili likifunguliwa, kijana anauza wachezaji kama korosho ghafi, kwa sauti ya karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. "Loti namba tatu, beki wa kati, daraja la pili, unyevu umezidi kwa sababu alikaa benchi mvua nzima." Mzee anakuwa mnunuzi, anagonga kichwa cha mchezaji kusikia kama kokwa limejaa. Mara ya kwanza kijana aliteleza: alisema barua za bei zinatumbukizwa kwenye sanduku na kufunguliwa mbele ya wakulima. Hajamaliza, simu ikaingia kutoka Tandahimba. Mkulima, mtu mzima kwa sauti yake, redio ameipunguza bila kuambiwa. Akaeleza kwamba sanduku lilikuwa la zamani, siku hizi bei zinashindanishwa kwa kompyuta kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa Tanzania, zinaonekana kwenye skrini, na kijana asipotoshe umma. Kijana akashukuru, akamwita mzee wangu, akasahihisha papo hapo, akasoma upya bei ya mshambuliaji aliyekuwa mnadani.

"Umesikia hiyo bei, mzee wangu? Tumuuze?"

Tulisikia watu wananong'ona nyuma ya simu, inaonekana alikuwa na wenzake ghalani.

"Wakulima tumekataa," akasema. "Mrudisheni mpaka mnada wa wiki ijayo."