Gata kabla ya masika

Masika ya Tanga huanza Machi, na bado utaona bati la Ngamiani likimwaga maji barabarani huku chini yake madumu yamepangwa yakisubiri muuza maji. Hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20: lita 1,200. Toa asilimia 20 ya kupotea, unabaki na 960.

Gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, ishuke sentimita 1 kila mita, vishikio kila sentimita 60. Karibu na bahari misumari ya kawaida huliwa na kutu upesi.

Wengi hukosea kwenye maji ya kwanza, yale ya vumbi na kinyesi cha kunguru. Paa hilo linataka kumwaga lita 30 hivi. Hunaswa kwenye bomba la kusimama kabla ya tangi; bomba la inchi 4 hubeba kama lita 8 kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita moja ni pambo tu. Weka mita nne. Kizibo cha chini kitoboe tundu la milimita 3, bomba lijikaushe lenyewe. Majani ya mwarobaini huziba hicho kitundu, kikague kila wiki.

Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2. Matofali manne kwenye pembe hayatoshi: kitako hubonyea, kisha hupasuka. Mwaga zege chini yote.