Mjazo wa bata mzinga: kazi inaanzia kwenye mkate

Mapishi mengi ya mjazo wa bata mzinga, yaani mchanganyiko wa mkate na viungo unaojazwa tumboni mwa ndege au kuokwa pembeni yake, yanayozunguka mtandaoni yametoka Marekani, ambako ndege huyu huliwa Alhamisi ya nne ya Novemba, au Uingereza, ambako ni chakula cha Krismasi. Karibu yote yanakuambia kata mkate vipande, uache wazi mezani usiku kucha ukauke. Kwa anayepika Tanga, hilo ndilo la kwanza kulifuta. Desemba upepo wa baharini umebeba unyevu, na mkate ulioachwa wazi usiku haukauki. Unalegea tu, na ukikaa zaidi unaota ukungu. Anayefuata maelekezo hayo neno kwa neno atatoa kwenye oveni kitu kama ugali wa mkate, halafu ailaumu supu.

Kwa hiyo mkate ukaushwe kwa moto. Kwa bata mzinga wa kilo 5 aliyekwisha kusafishwa, chukua gramu 700 za boflo la jana. Ukishakauka utabaki na kama gramu 500. Boflo ni unga wa ngano, hamira, chumvi na maji, basi. Mkate laini wa slaisi una sukari na mafuta, na ukiloa unageuka gundi, tena unaacha utamu usiopatana na pilipili manga. Kama huna budi kuutumia, ondoa kingo zake laini, ukaushe zaidi, na supu ipungue kwa robo.

Kata vipande vya sentimita moja na nusu kila upande. Usiukwangue ukawa chenga. Ukubwa wa kipande si urembo: General Foods ya Marekani ilipoingiza sokoni mjazo wa pakiti wa Stove Top mwaka 1972, mtaalamu wake Ruth Siems alikuwa miongoni mwa walioubuni, na hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya mwaka 1975 ilijikita hasa kwenye vipimo vya chembe ya mkate. Chembe ndogo mno hunywa maji yote mara moja ikawa uji; kubwa mno inabaki kavu katikati huku nje inavurugika.

Tandaza vipande kwenye sinia pana, visipandane, oveni nyuzijoto 120, dakika 45 hadi 60, ukigeuza mara mbili. Usiupandishe moto ili umalize haraka, kwa sababu nje kutapata rangi na ndani kutabaki ulaini, na ulaini huo ndio utakaokuponza baadaye. Chukua kipande kimoja kikubwa, kivunje katikati. Kiwe kinakatika kwa mlio, na ukikibonyeza kwa kidole pale kati kisiingie hata kidogo. Kikiingia, rudisha dakika 10. Asiye na oveni anaweza kuanika juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, amefunika kwa chandarua, na auingize ndani kabla jua halijapoa. Kisha amalizie kwenye sufuria kavu juu ya makaa hafifu. Mkate ukishakauka uache upoe kabisa ndipo uufungie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Ukiufunika ukiwa na joto, mvuke unarudi mle mle. Ukipoa sawasawa unakaa siku tatu bila neno.

Siku hiyo hiyo ya kuchinja, tenga shingo, firigisi, moyo na maini. Shingo, firigisi na moyo vichemshe kwa lita moja na nusu ya maji, kitunguu kimoja, karoti moja na punje chache za pilipili manga, moto mdogo, saa moja na nusu hadi mbili. Firigisi ya bata mzinga ni ngumu, haitaki haraka. Maini yaingie dakika 10 za mwisho, maana yakichemka muda mrefu yanakuwa machungu na ya unga unga. Chuja. Unataka upate mililita 750 za supu. Usiitie chumvi bado, wala kidonge cha supu. Mjazo wa chumvi kali karibu kila mara hutokana na vitu vinne vilivyojumlishana bila mtu kuhesabu: siagi yenye chumvi, kidonge, chumvi ya mpishi, na maji ya ndege aliyepakwa chumvi usiku uliopita.

Mboga zipatikane soko la Mgandini, ambako zinashuka kutoka Lushoto. Unahitaji vitunguu maji gramu 450, seleri gramu 250 pamoja na majani yake, vitunguu saumu punje nne. Siagi gramu 150. Kaanga vitunguu na seleri kwa siagi hiyo, moto wa wastani, dakika 12 hivi, mpaka vilainike na vianze kung'aa bila kubadilika rangi. Kitunguu saumu kiingie mwishoni. Wapo wanaovitia vibichi wakiamini vitaivia humo ndani. Haviivi vizuri: vinatoa maji katikati ya mkate, kisha vinabaki vinalia kwenye meno. Na siagi usiipunguze. Inapaka kila kipande cha mkate na kuzuia kisilowe kwa pupa.

Kuhusu viungo, Wazungu hutia majani ya seji. Ukiyakosa usihangaike. Rozmari inafanya kazi hiyo vizuri, kijiko kimoja cha chai ikiwa mbichi na imekatwakatwa sana, kwa sababu jani zima linachoma koo. Pilipili manga kijiko kimoja cha chai, ya kutwanga siku hiyo. Za Muheza na Amani zina ukali unaotosha. Ganda la juu la chungwa moja, lile la kijani au la njano tu bila ule weupe mchungu, linafaa kuliko watu wanavyodhani, hasa likienda pamoja na korosho gramu 100 zilizokaangwa na zabibu kavu chache. Giligilani bichi fungu dogo, liingie mwishoni. Mdalasini, iliki na karafuu ningeviacha kwa pilau. Ndani ya mkate vinatawala kila kitu, na supu ya firigisi hutaisikia tena.

Anayetaka nyama atumie gramu 250 za nyama ya ng'ombe ya kusaga, ikaangwe ikaive kabisa kabla ya kuchanganywa. Mapishi ya huko mara nyingi yanataka soseji ya nguruwe. Kwa meza ya Tanga yenye majirani wa kila dini hilo halina nafasi, na hakuna ladha inayopotea. Firigisi, moyo na maini vilivyochemshwa vikatwe vidogo sana, viingie vyote.

Kuchanganya ndiko kunakotaka mkono. Weka mkate mkavu kwenye beseni kubwa kuliko unavyofikiri unahitaji. Mimina vitunguu na siagi yake vikiwa vya moto, geuza kwa mikono miwili kutoka chini kwenda juu. Supu iwe ya uvuguvugu, uitie kwa awamu tatu: mililita 250, geuza, subiri dakika tano, mililita 200 nyingine, subiri tena, halafu amua. Ile subira ina maana, kwa sababu mkate mkavu hunywa polepole na ukikadiria mapema utaona bado haujatosha wakati umetosha. Kamata konzi ya mjazo, ifinye. Ishikamane mkononi, lakini tone la maji lisipite katikati ya vidole. Ukiifungua, vipande vya mkate viwe bado vinaonekana kimoja kimoja, vyenye pembe. Ikisambaa, ongeza vijiko vitatu vya supu. Ikitoka maji, hakuna dawa nzuri isipokuwa mkate mkavu zaidi, kwa hiyo bakisha kidogo pembeni. Onja sasa, tia chumvi, kisha ndipo uweke mayai mawili yaliyopigwa. Yakishaingia mayai, kuonja kumekwisha. Mayai yanaushikamanisha mjazo usimwagike kama mchele wakati wa kupakua. Ukitia manne unapata keki.

Sasa swali linalogombanisha watu: ndani ya ndege au nje? Mjazo wa ndani unanywa maji ya nyama na ladha yake haina mpinzani, lakini ndiyo sehemu ya mwisho kabisa kupata moto. Damu na maji ya ndege mbichi, yenye vijidudu kama salmonela, yanachuruzika humo humo. Katikati ya mjazo lazima pafike nyuzijoto 74 ndipo uwe salama, na ukingojea pafike hapo, nyama ya kifua imeshapita kiwango chake ikakauka. Ndiyo maana nasema tia ndani robo tu ya mjazo, na robo tatu ioke kwenye sinia. Asiye na kipimajoto cha nyama asitie kitu tumboni zaidi ya ndimu iliyokatwa, kitunguu na tawi la rozmari. Kukadiria kwa macho hakusaidii hapa. Mjazo mbichi na ulioiva unafanana.

Ukijaza, jaza dakika ile ile ndege anapoingia kwenye oveni, mjazo ukiwa bado na uvuguvugu. Kujaza usiku ili asubuhi upumzike ni kosa kubwa, hata kwenye friji, kwa kuwa katikati panachukua saa nyingi kupoa. Na juu ya meza jikoni, joto likishapita nyuzijoto 32 kama linavyoweza siku za Krismasi, chakula cha aina hii hakitakiwi kukaa zaidi ya saa moja. Jaza kwa ulegevu, usisindilie, acha nafasi ya vidole viwili mdomoni kwa sababu mkate na yai vinavimba. Miguu ifungwe kwa uzi mweupe wa pamba. Tanga ni mji wa mkonge na kamba haziko mbali, lakini za kufungia mizigo hupitishwa mafuta ya mitambo kiwandani. Ziache kwenye mizigo.

Ndege mwenyewe awe amepakwa chumvi tangu jana, gramu 10 kwa kila kilo, yaani vijiko vinane vya chai vilivyosawazishwa kwa kilo 5, ndani na nje, akalala friji bila kufunikwa ili ngozi ikauke. Kulala huko kuna faida nyingine: ndege aliyechinjwa asubuhi na kuokwa mchana huwa mgumu, misuli bado imekaza. Wa kwenye barafu ayeyukie ndani ya friji, saa 24 kwa kila kilo 2, na chumvi ipungue kama pakiti inaonyesha alishatiwa maji ya chumvi. Oka kwa nyuzijoto 165, saa tatu hadi tatu na nusu akiwa na mjazo, na kama nusu saa pungufu akiwa mtupu. Pima paja karibu na mfupa bila kuugusa, pima kifua, kisha sukuma kipimajoto hadi katikati ya mjazo. Nyama ikifika 74 na mjazo bado, mtoe ndege, kwangua mjazo wote uweke kwenye sinia, urudishe peke yake. Hakuna sababu ya kuadhibu nyama.

Mjazo wa sinia upake siagi chini, utandaze kina cha sentimita tano, ufunike kwa karatasi ya foili. Nyuzijoto 180, dakika 25 umefunikwa, kisha dakika 20 wazi mpaka juu pakauke na kupata rangi ya kahawia. Ndege akishaiva hupumzika nje dakika 30, na hapo ndipo oveni inakuwa huru, kwa hiyo anza mjazo kabla hajatoka kama oveni ina rafu mbili, la sivyo uuanze pale anapotoka. Miminia juu vijiko vitatu vinne vya mafuta yaliyodondoka kwenye sinia ya ndege. Kwa hilo, pengo la ladha kati yake na mjazo wa tumboni linakuwa dogo sana.

Umeme ukikatika, au oveni haipo, sufuria zito linatosha kwa mjazo, kwa utaratibu ule ule wa keki ya mkaa: moto kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Theluthi moja ya makaa chini, theluthi mbili juu, dakika 35, na ufunue mara moja tu kuangalia. Harufu ya kuungua ikija mapema, punguza ya chini. Bata mzinga mzima haingii humo. Katakata, chemsha na kaanga kama kawaida, na hiyo supu ya kuchemshia, ikipunguzwa kwa moto mpaka ibaki nusu, inafanya mjazo mzuri hata kuliko wa firigisi peke yake.

Kilichobaki kitoke tumboni mwa ndege chote, kisilale humo, kiingie friji ndani ya saa mbili, au saa moja joto likipita nyuzijoto 32, kwenye chombo kisicho na kina. Kinadumu siku tatu, nne mwisho. Kesho yake kata vipande bapa unene wa kidole, vichovye kwenye yai, kaanga kwa mafuta kidogo hadi vikaukie pande zote mbili, na pilipili ya ukwaju iwe karibu.