Nyuzi 121 za Mbeya

Julai, usiku, baridi kama kawaida yake

Nimepewa mwanafunzi. Binti wa Tukuyu, maneno machache, lakini kila kitu anakitazama mara mbili. Alipopangiwa kwetu wenzake walimpa pole, maana chumba cha kutakasia vifaa kimeshapewa jina: ni pa kumpeleka mtu aliyekorofishana na wodi. Mgeni akija kukagua hospitali huonyeshwa thieta inavyong'aa. Vyuma vya thieta vimetoka wapi, haulizi.

Leo alisimama mbele ya ile otoklevu ndogo ya zamani, mashine ya kutakasia vyuma kwa mvuke, akaniuliza, "Samahani mama, kitabu kinasema presha ikifika paundi 15 tuanze kuhesabu dakika. Mbona wewe bado unangoja?"

Nilifurahi mpaka nikavua miwani. Wapo watu wamekaa kwenye kazi hii miaka na hawajawahi kuuliza hivyo.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na geji ya mashine inaonyesha tu presha iliyozidi ile ya hewa ya nje. Dar es Salaam, paundi 15 kwenye geji zinakupa mvuke wa nyuzi 121, joto tunalolitaka. Huku kwetu paundi hizo hizo zinakufikisha 118 hivi. Ili ufike 121 lazima geji isome karibu 18. Ukihesabu dakika zako kwa kuangalia presha ya kitabu, unatoa vyuma vya moto vizuri tu, vinavyounguza vidole, ila huna uhakika navyo. Nikamuuliza maharage ya kwao Tukuyu na ya Dar yapi yanawahi kuiva. Akacheka, akaelewa. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana nikisikia mtu kachemsha mkasi kwenye sufuria akauita salama, huwa nakosa la kusema. Hata huko pwani kuchemsha hakuui mbegu sugu za bakteria, sembuse huku.

Kwa hiyo sheria niliyompa ni moja: fuata joto, usifuate presha. Na hewa itoke kwanza. Hewa ikinaswa katikati ya pakiti ya vyuma, mvuke haufiki pale, hata kama mashine nzima inaunguruma.

Lakini joto lenyewe ni kazi ya mwisho. Kazi kubwa iko kwenye sinki, na hapo ndipo nilipomkalisha mchana kutwa. Nilimpa forseps, koleo la upasuaji, iliyoonekana safi kabisa. Nikamwambia aifungue mdomo wote, aisugue kwenye bawaba kwa mswaki, chini ya maji ili isimrukie usoni. Ukatoka uzi mwembamba wa damu, wa kahawia. Damu ikishaganda pale mvuke hauipenyi, unaipika tu. Maji nayo yawe vuguvugu, kwa sababu ya moto sana yanaigandisha damu kwenye chuma. Mwezi huu wa saba maji ya bomba yanakata vidole hata ndani ya glavu nene, na kishawishi cha kuongeza ya moto ni kikubwa.

Ukutani bado kuna bango linalosema loweka kwanza kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Sisi tumekua na Jik. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 hautaki hivyo tena: klorini inakula chuma, na damu inaipunguzia nguvu. Bango nitalibandua mwenyewe nikipata ngazi.

Alasiri thieta wakagonga. Wanataka seti ya upasuaji wa uzazi, na tepu iliyobandikwa kwenye pakiti imeshageuka nyeusi, nangoja nini? Tepu inasema tu kwamba pakiti imepitia joto. Haisemi kilichomo ndani kimetakata. Na ile pakiti ilikuwa na unyevunyevu chini, kwa sababu mtu aliitoa ya moto akailaza kwenye meza ya bati, na bati la Mbeya asubuhi ni barafu. Kitambaa kikilowa, vijidudu vya nje vina njia ya kuingia. Nikairudisha ifungwe upya, wakachukua seti ya akiba. Sista wa zamu hakupendezwa. Nilimwambia, "Nisamehe sista, hii siitoi." Binti alikuwa nyuma yangu, kimya.

Baadaye akaniuliza cheti cha kazi hii kinapatikana wapi. Mimi niliingia kama mhudumu wa afya, nikafundishwa na mama mmoja aliyefundishwa na mwingine, na wengi ninaowajua wamepita njia hiyo hiyo. Marekani kuna cheti cha mtihani ambacho hukipati bila saa 400 za kazi kwa mikono yako. Nilipomtajia hizo saa alishusha pumzi, halafu akaandika kwenye daftari. Sikubaliani na wanaosema kazi hii haihitaji shule. Kushika mswaki kunafundishwa kwa kutazama, sawa, lakini kujua kwa nini geji ya Mbeya isome 18 kunahitaji mtu akukalishe akueleze.

Kesho tunaingia saa moja. Nataka aendeshe mzunguko mzima yeye, tangu sinki mpaka rafu, mimi nikae pembeni na daftari la kumbukumbu. Na thieta wakigonga, atawajibu yeye.