Nairobi hadi New York: nilivyokokotoa umbali na muda wa ndege

Kwanza nilipiga hesabu ya ramani ya ukutani: kila digrii kilomita 111, kwa latitudo na longitudo sawia. Nikapata zaidi ya kilomita 13,100. Kosa ni kwamba mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta, kwa hiyo digrii moja ya huko New York ni fupi kuliko ya Nairobi. Ramani bapa haikuonyeshi hilo.

Kwa hiyo nikapiga hesabu inayofuata mviringo wa dunia. Kikokotoo cha shule kinatosha, ila hakikisha kimewekwa kwenye DEG, yaani digrii. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko latitudo -1.32, longitudo 36.93, JFK, uwanja wa New York, ni 40.64 na -73.78. Kusini na magharibi huandikwa hasi. Tofauti ya longitudo ni 110.71. Zidisha sin za latitudo mbili: -0.0150. Kisha zidisha cos zake, halafu mara cos ya 110.71: -0.2683. Jumla ni -0.2833. Bonyeza SHIFT na cos upate digrii 106.46, uzidishe kwa 111.19, yaani kilomita za digrii moja. Jibu: kilomita 11,837.

Ukisahau alama ya hasi ya New York utapata kama 5,970, nusu ya safari! Jibu la namna hiyo ni rahisi kulishtukia. La hatari ni kusahau hasi ya Nairobi, maana unapoteza kilomita 200 tu na hutagundua.

Muda nao una mambo yake. Boeing 787 ikishatulia angani hukata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo ni saa 13 na dakika 10. Ongeza nusu saa ya ndege kutembea uwanjani, kupanda na kushuka. Hata hivyo, Kenya Airways ilipoanza safari hii bila kituo, Oktoba 2018, ratiba ilisema saa 15 kwenda na 14 kurudi. Pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: ukienda zinakusukuma nyuma, ukirudi zinakubeba. Tena ndege haifuati mstari ule wa hesabu moja kwa moja, na ratiba huachiwa dakika za akiba.

Saa ya kufika naitafuta kwa saa za Nairobi kwanza. Kuondoka 23:25, yaani saa 5:25 usiku, jumlisha 15: ni 14:25 kesho yake. Toa 8, maana New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa hizo: unatua 06:25, saa 12:25 asubuhi ya huko. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, toa 7 badala ya 8.

Tarehe ndiyo inayowaacha watu uwanjani. Tiketi ya Jumanne 00:30 ni saa 6:30 usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Uwe uwanjani Jumatatu saa 3:30 usiku.