Baba mdogo alisema mbegu ni mbegu

Mara ya kwanza kulima maharage milimani Mpwapwa niliomba ushauri kwa baba mdogo. Akanijibu, "Mwanangu, mbegu ni mbegu. Nenda sokoni ukachague yanayong'aa." Nikaenda Majengo, nikabeba madebe mawili ya maharage aina ya kablanketi, maana kablanketi halilali sokoni: linaiva upesi na mchuzi wake ni mzito. Nikajiona mjanja. Wenzangu wananunua mbegu za paketi, mimi nimelipa kama nusu ya bei yao.

Yakaota vizuri tu. Wiki ya tano ndipo nikaona maajabu: hili limesimama kama kichaka, jirani yake linatambaa likitafuta mti wa kushika, la tatu lina maua tayari. Kumbe gunia moja lilikuwa na maharage ya vijiji vitatu! Februari mvua ikakata, kama kawaida yake huku kwetu, na jua likayakuta yaliyochelewa ndiyo kwanza yanachanua. Maua yalipukutika, asubuhi ukifika shambani utadhani usiku palikuwa na harusi. Nilipanda madebe mawili, nikavuna matatu.

Msimu uliofuata sikuuliza mtu. Nilitafuta aina tatu za maharage, Jesca, Lyamungo 90 na Selian 97, kilo mojamoja zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, na kablanketi langu nikalitia humo lishindane. Kila aina mistari minne pembeni mwa shamba, na kijiti chenye kitambaa cha rangi yake (nilichana nguo za watoto, mama yao hajanisamehe mpaka leo). Mistari miwili nilipanda mwanzoni mwa Januari, miwili siku kumi baadaye, ili ukame ukija usizikute zote zinachanua. Tarehe za kupanda na za ua la kwanza niliziandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo.

Kwangu Jesca ilitangulia kuchanua na ikawahi kukomaa. Lyamungo ilibeba maganda mengi kuliko zote, ila mistari yake ya pili ilipigwa na jua. Nikadhani kazi imekwisha, mke wangu akasema bado hatujala. Basi tukapika zote siku moja, kwa maji ya kisima chetu yenye chumvichumvi. Maji magumu hukawiza maharage kuiva, na mteja wa Dodoma atayapikia maji ya Dodoma, si ya Moshi. Jesca na kablanketi yaliepuliwa mapema. Nyingine mbili zilinimalizia mkaa.

Sasa napanda Jesca sehemu kubwa, na kablanketi kidogo nililolichagua mwenyewe shambani, mche kwa mche, yale ya kutambaa nimeyang'oa. Hata mbegu ya dukani naifunga kumi kwenye kitambaa kibichi kwanza. Zikiota sita tu, narudi dukani na risiti yangu.

Baba mdogo bado anasema mbegu ni mbegu. Juzi kamtuma mtoto na ndoo, eti nimpimie "zile zako."