Zamaki, plastiki na baridi ya Mbeya: kutunza vigari vya Kifaransa vya 1:43

Kabla hujauliza bei ya kigari cha zamani cha kuchezea, kipindue uone kimetengenezwa na kitu gani. Mwili wa zinki una ugonjwa wake, plastiki ya miaka ya 1950 ina wake, na tairi laini lina wake, na hali ya hewa ya nyanda za juu kusini inayachochea yote matatu. Mtu akipanga vigari vya chapa za Dinky, Solido na Norev pamoja kwenye kabati la mbao hapa Mbeya, baada ya misimu michache ya mvua ataanza kuona unga mweupe kwenye ekseli na rangi iliyovimba. Mara nyingi ataulaumu umande, kumbe mkosaji mkubwa ni kabati lenyewe.

Kwanza, kipimo. 1:43 maana yake kigari ni kidogo mara 43 kuliko gari halisi, lakini wauzaji huiandika kwenye kila kitu kinachoenea kiganjani, kwa hiyo chukua rula. Peugeot 404 halisi ina urefu wa mita 4.44, na ukigawanya kwa 43 unapata milimita 103. Citroën DS ya mwanzo inakuja milimita 112 au 113, na 2CV inakuja 89. Kwa vigari vya zamani tofauti ya milimita 2 ni ya kawaida. Ikizidi 4, hicho ni kipimo kingine na kitaonekana kigeni kikikaa karibu na wenzake.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mmoja: anza na Pijo, yaani Peugeot. Gari hizo zinajulikana kwetu hadi na bibi zetu, na zina historia ya hapa hapa Afrika Mashariki. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell ndani ya 404. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Hapo pana mtego: gari la 1978 lilikuwa kupe, yaani la milango miwili, lenye injini ya V6. Ukiuziwa 504 ya milango minne yenye stika za 1978, kuna mtu amebandika stika zisizo zake.

Sasa tuje kwenye madini. Dinky zilizotoka kiwanda cha Meccano kule Bobigny, karibu na Paris, pamoja na Solido, kampuni iliyoanza miaka ya 1930, zimemiminwa kwa zamaki. Hii ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu kama asilimia 4, pamoja na shaba na magnesi kidogo. Mchanganyiko ukiwa safi, kigari kitadumu kuliko mwenyewe. Ukiingiliwa na madini ya risasi hata kwa kiasi kidogo sana, chembe za zinki huanza kuliwa kwenye maungio yake, na unyevu na joto huharakisha kazi hiyo. Madini huvimba, hupasuka kama tope lililokauka, mwisho humeguka mkononi kama biskuti. Vigari vya kabla ya vita vya pili ndivyo vinavyougua zaidi, ingawa hata baadhi ya vya miaka ya karibuni vimekutwa na tatizo hilo.

Unapokikagua, usiishie kwenye rangi iliyobanduka, maana hiyo ni alama ya kuchezewa tu. Tafuta nyufa nyembamba zinazopita chini ya rangi, hasa kwenye nguzo za madirisha na pembeni mwa matundu ya magurudumu. Angalia kama bamba la chini limepinda katikati: mwili ukivimba na bamba lisivimbe, kitu lazima kipinde. Tazama pia kama milango inayofunguka imekwama. Ugonjwa huu hauna dawa. Rangi mpya haiuzuii, gundi ya maji huchelewesha tu vipande kudondoka. Kuna wanaoogopa kwamba kigari kibovu kitaambukiza vingine. Hakiambukizi, kwa sababu ubaya ulimiminwa ndani yake siku ya kwanza kiwandani.

Norev ni habari tofauti kabisa. Kampuni hii ilianza mwaka 1946 huko Villeurbanne, jirani ya Lyon, na jina lake ni Véron lililosomwa kinyumenyume. Vigari vyake vya mwanzo ni vya plastiki ya asetati ya selulosi, rangi ikiwa ndani ya plastiki yenyewe. Ni vyepesi na vizuri sana, ila asetati husinyaa. Mwili unafupika huku bamba la chini likibaki na urefu ule ule, hivyo paa linapinda kama upinde na bampa linainuka. Ukiona mgongo wa nyani kwenye Simca Aronde au 404 ya Norev, usijaribu kuinyoosha kwa maji ya moto. Itanyooka dakika mbili, kisha itapinda upya kwa namna mbaya zaidi.

Kuna jambo la kunusa pia. Asetati inayooza hutoa harufu ya siki, na hiyo ni asidi halisi inayotembea hewani. Ndani ya kabati lililofungwa inakwenda moja kwa moja kwenye zinki ya Dinky iliyo jirani na kuifanya itoe ule unga mweupe. Kwa hiyo Norev za plastiki zikae kabati lao lenye matundu ya hewa, au juu ya rafu iliyo wazi yenye pazia la kuzuia vumbi.

Mbao nazo hutoa asidi hiyo hiyo. Nyanda hizi zina misitu ya Sao Hill, mbao za paina ni rahisi kupata na MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa, iko kila duka la fanicha, kwa hiyo kila mtu hukimbilia huko. Mbao mpya na MDF ni sumu ya polepole kwa zamaki. Nenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, umwombe sanduku la fremu ya aluminiamu na vioo vya milimita 5, rafu zikiwa za kioo pia. Kabati la upana wa sentimita 80, kimo cha 60 na kina cha 15 linabeba rafu tano, na kila rafu inapokea vigari kumi vikitazama mbele. Umakini wote uwe kwenye silikoni. Ile inayonuka siki wakati inakauka ina asidi. Mwambie fundi atumie isiyonuka hivyo. Akiwa hana, acha kabati wazi wiki mbili au tatu hadi harufu iishe kabisa ndipo upange.

Unyevu wa ndani uwe kati ya asilimia 40 na 55. Higrometa (kipima unyevu) ndogo ya kidijitali inatosha. Kuanzia Novemba hadi Aprili utahitaji silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, gramu 200 hivi kwa kabati la ukubwa huo, kwenye kikombe cha kioo kilichofunikwa kitambaa chepesi. Nunua ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba maji, kisha ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 kwa saa mbili. Kiangazi unaweza kuitoa kabisa. Wakati huo adui ni vumbi na jua. Huku juu jua ni kali hata siku ya baridi, na nyekundu ya Dinky inapauka ikiwa kabati linatazama dirisha.

Hatari nyingine inakuja njiani. Kifurushi kikifungwa Dar es Salaam kwa nailoni, kinafungiwa na hewa ya joto iliyojaa maji. Basi likipanda mlima Kitonga usiku wa Julai, hewa ile inapoa na maji yanatua juu ya kigari, ndani ya nailoni, pasipo pa kutokea. Fungua kifurushi siku hiyo hiyo kilipofika, toa plastiki yote, weka kigari kwenye sinia kivulini siku nzima. Boksi la karatasi likiwa limelowa, libane kati ya karatasi nyeupe zisizoandikwa chini ya kitabu, usilianike juani. Mwombe pia anayekutumia akizungushie kigari karatasi laini kwanza, ndipo plastiki ya mapovu. Plastiki hiyo ikigusa rangi kwenye joto huacha alama za duara zisizofutika.

Matairi laini ya plastiki yana mafuta yanayotoka polepole na kuyeyusha plastiki ya kisanduku yanapokalia. Inua kigari kwa kuweka kipande cha aluminiamu chini ya tumbo, matairi yaning'inie kama milimita moja. Yale ya mpira ya Dinky hukauka na kupasuka. Ya kubadilisha huagizwa kwa kipenyo, hivyo pima rimu kwa venia, kile kipimio cha kubana, kabla ya kuagiza.

Kuhusu kupaka rangi upya, maoni yangu ni kwamba usipake. Kigari chenye makovu na rangi ya kiwandani kina thamani kuliko kinachong'aa kwa rangi ya juzi. Kugundua kilichopakwa upya si vigumu: washa ile tochi ya kukagulia noti gizani, rangi mpya mara nyingi itang'aa tofauti na ya zamani. Kisha angalia vichwa vya riveti zinazoshikilia bamba la chini. Vikiwa vimetobolewa au vina rangi juu yake, kigari kiliwahi kufunguliwa. Soma na maandishi ya chini, kwa kuwa nakala mpya za Dinky za Kifaransa zimetengenezwa China. Hakuna ubaya kuzinunua, mradi ulipe bei ya nakala.

Ikibidi kufungua, labda kurudisha kioo kilichoanguka, toboa kichwa cha riveti kwa biti ya milimita 3 hadi kichwa kitoke tu, usiende zaidi. Toboa katikati ya nguzo iliyoshikwa na riveti hiyo kwa biti ya milimita 1.6, kina cha milimita 5, kisha kata nyuzi za skrubu kwa tapu ya M2 (ya skrubu ya milimita 2) ukiweka tone la mafuta ya cherehani. Zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, toa unga, endelea. Zamaki hubana tapu ghafla, na tapu ikivunjikia ndani, nguzo imekwisha. Skrubu ya M2 ya milimita 4 inatosha, na ikazwe kwa vidole viwili tu vya mkono.