Siku moja maishani mwangu: nasikiliza matangi ya dizeli Kigoma

Saa 12 asubuhi. Nateremka kutoka mtaa wa Mwanga kabla jua halijayapiga matangi. Kazi yangu ni kupima kwa sauti maji yaliyotuama chini ya dizeli. Dizeli ikipata joto, sauti hupunguza mwendo ndani yake. Kwenye maji ni kinyume, huongeza.

Saa 1. Tangi la kwanza ni la kulala, limekaa juu ya miguu ya zege, naingia chini ya tumbo lake. Nafuta vumbi, napaka jeli kama ile ya wajawazito wakipimwa altrasaundi, nabandika kipimo. Sauti isiyosikika na sikio inapenya chuma na kupanda. Pale maji yanapokutana na dizeli, sehemu ndogo inarudi. Nyingine inaendelea hadi juu, ikigonga hewa hurudi karibu yote. Kwenye kioo naona vilima viwili, kidogo na kikubwa. Kile kidogo ndicho kazi yangu.

Leo kimetokea baada ya mikrosekunde 121. Kwenye maji ya nyuzi 23 sauti huenda kama mita 1,490 kwa sekunde. Ukigawa kwa mbili, kwenda na kurudi, ni sentimita 9 za maji. Mengi mno! Dizeli ina hesabu yake, karibu mita 1,350. Ukiipigia hesabu ya maji, mita moja na nusu ya mafuta itakupa zaidi ya sentimita 15 ambazo hazipo.

Saa 4. Lori limeshusha mafuta kwenye tangi la pili. Siligusi, maji na mafuta yamevurugika.

"Dada, bosi anataka namba sasa."

"Mwambie atapata jioni, mdogo wangu, na itakuwa ya kweli."

Baba mdogo alizimikiwa injini katikati ya ziwa kwa dizeli yenye maji. Alilala humohumo mtumbwini. Siwezi kutoa namba ya kubahatisha.

Saa 7. Ugali wa muhogo, migebuka.

Saa 9. Tunafungua koki ya chini ya tangi la kwanza, tunakinga kwa pipa. Yanatoka maji ya kahawia yenye utelezi. Vijidudu hupenda kuishi mpakani hapo.

Saa 11. La pili limetulia, bosi kapata namba yake. Narudi la kwanza: kilima kidogo hakipo. Lakini maji ya sentimita moja au mbili hujificha ndani ya mlio wa mwanzo wa kipimo chenyewe, kwa hiyo napanda juu na tepu iliyopakwa dawa inayogeuka rangi ikigusa maji. Rangi imegeuka nchani tu, milimita 4.

Naandika 4. Si sifuri.